Unataka kufungua kemisti kijijini? Soma hii kwanza

Wiki hii dada mmoja aliyemaliza diploma ya famasia pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ameniandikia. Wazazi wake wamemkusanyia mtaji. Wenzake wote wanatafuta chumba Kondele au katikati ya mji wa Kisumu, lakini yeye anataka kurudi kwao upande wa Nyakach afungue kemisti, yaani duka la dawa. Swali lake lilikuwa fupi: kijijini kuna pesa kweli?

Nilimpigia simu tukazungumza kidogo, lakini swali hilo limenikaa rohoni kwa sababu niliulizwa mimi pia, tena kwa dharau. Na wewe unayesoma hapa najua una ndoto kama yake, ndiyo maana naandika kwa wote.

Kemisti yangu iko uwanda wa Kano, ukitoka Ahero unaacha lami na kufuata mitaro ya mashamba ya mpunga. Nilipohamia huku, mwenzangu tuliyelala chumba kimoja chuoni aliandika kwenye grupu letu la WhatsApp kwamba nimekwenda kuuza peremende na vidonge vya kichwa kwenye matope. Watu wakacheka. Hakuna aliyenitetea. Miaka imepita, nimelipa ada ya wadogo zangu kutokana na matope hayo hayo, na bado ule ujumbe ninaukumbuka neno kwa neno.

Pesa ipo. Ila haiko pale ulipofundishwa kuitafuta.

Mtu akifungua kemisti hujaza rafu kwa vitu vinavyong'aa: dawa za kikohozi za chupa za rangi rangi, vitamini za kuongeza hamu ya kula, antibaiotiki za bei kali. Faida kwa chupa ni nono. Lakini mkulima wa mpunga hanunui chupa hiyo kila wiki. Kinachomleta kwako kila mwezi ni presha ya mama yake, sukari ya baba yake, na mtoto mwenye selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi.

Hapo kwa selimundu ndipo nilipojifunza biashara yote. Kanda ya ziwa ina watoto wengi wenye ugonjwa huu, na sababu yake ni malaria: mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, basi penye malaria ya tangu enzi, jeni hiyo imebaki na kuenea. Mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Anahitaji asidi ya foliki (folik) ya kusaidia mwili kutengeneza damu kila siku, na hapa kwetu hupewa proguanili kila siku ili malaria isimwangushe. Wengine wameandikiwa haidroksiyurea, dawa ya selimundu yenyewe, ambayo lazima iendane na vipimo vya damu hospitalini.

Mama mmoja alikuja na karatasi ya kliniki. Folik na proguanili, basi. Alikuwa ametoka kemisti nne na zote zilimwambia aende Kisumu. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inazidi bei ya dawa zenyewe, kwa hiyo mwezi wenye pesa mtoto alimeza, mwezi usio na pesa hakumeza. Nilimwambia arudi Ijumaa. Nilipoagiza, muuzaji wa duka la jumla aliniambia folik haina faida, inajaza rafu bure. Niliichukua. Ijumaa mama alikuja. Mwezi uliofuata alikuja na jirani yake. Baadaye kina mama walianza kuja kutoka upande wa Awasi, na kila anayekuja kwa ajili ya folik ananunua pia sabuni ya mtoto, dawa ya minyoo, vidonge vya presha vya mama mkwe. Faida ya folik ni senti. Faida ya mama huyo kuniamini ndiyo imejenga duka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli ndio wa mwisho pia: dawa za kila mwezi zisiishe. Amlodipini, losartani na haidroklorothayazidi za presha, metfomini ya sukari, folik, pampu ya salbutamoli ya pumu. Zote zipo za jeneriki, yaani zisizo na jina la kampuni kubwa, zote zina bei ambayo mtu wa kijijini anaweza. Mgonjwa wa presha akikosa dawa kwako mara moja atakusamehe. Akikosa mara ya pili, amehama, na mbaya zaidi huenda akaacha kumeza kabisa, na siku moja mtasikia ameanguka shambani.

Namna ya kuzuia zisiishe si uchawi. Kila dawa iwe na kadi yake ya rafu, uandike inayoingia na inayotoka. Ukijua mwezi wa kawaida unatoa vidonge vingapi, agiza ukiwa bado na akiba ya mwezi mzima. Inayokaribia kupitwa na muda ikae mbele. Hili wote tulifundishwa na wengi tunaliacha siku tunapata ufunguo wa duka.

Jambo linaloua kemisti za mashinani ni deni. Huku pesa huja mpunga ukivunwa, na kati ya mavuno na mavuno kila mtu anakopa. Watu watakuambia una roho ngumu. Mimi nina sheria moja ambayo jirani zangu wote wanaijua: mtoto mwenye homa au anayeharisha hatoki dukani kwangu mikono mitupu, pesa au hakuna pesa. Zinki na pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, hazijawahi kunifilisi. Lakini dawa za kila mwezi sikopeshi. Badala yake wateja wangu wa presha na sukari hunitumia kidogo kidogo kwa M-Pesa, leo hamsini, Jumapili ishirini, naandika kwenye daftari, na mwezi ukiisha dawa imeshalipwa.

Fikra hii ya pesa ya dawa kununua dawa si yangu. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, Mali, wakakubaliana jamii zenyewe ziuze dawa muhimu kwa bei nafuu na pesa inayopatikana inunue dawa nyingine. Na hapa karibu, Eldoret, mpango wa afya wa AMPATH umeanzisha maduka ya dawa ya mfuko unaozunguka: mgonjwa akikosa dawa kwenye kituo cha serikali anaipata pale kwa bei nafuu, na pesa yake inarudi kununua nyingine. Neno la maana hapo ni inarudi. Ukichukua pesa ya folik ukalipia mchango wa harusi, mwezi ujao hakuna folik. Pesa ya dawa ina mwenyewe, na mwenyewe ni mgonjwa wa mwezi ujao. Nalirudia kwa sababu nimeona vijana wazuri wakifunga maduka kwa kosa hili moja.

Kuna jambo jingine linaloniumiza na sitalificha. Mteja anakuja anataka amoksilini vidonge viwili, au nusu dozi ya kitu kingine, kwa sababu ndizo pesa alizo nazo. Nikikataa, anavuka barabara kwenda kibanda kisicho na leseni na anauziwa. Nimeitwa mwenye maringo sokoni, mbele ya watu. Wakaguzi wa Bodi ya Famasia na Sumu wakisikika wako Ahero, vibanda vile vyote hufunga milango, na kesho yake vinafungua. Nimesimama palepale. Ninyi wenzangu mliosomea kazi hii, tukiuza nusu dozi tofauti yetu na kibanda ni ipi? Cheti ukutani? Na hicho cheti usikikodishe. Niliwahi kutafutwa na mtu mwenye pesa aliyetaka kukitundika kwenye duka lake la mji mwingine, mimi nisionekane hata siku moja. Nilihitaji sana pesa hizo wakati ule. Nilikataa, na ninajivunia.

Kuhusu jengo nitasema haraka. Uwanda wa Kano ni joto, na bati bila dari hupika dawa zako. Nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30, nyingine 25. Weka dari, weka kipimajoto, kisome asubuhi na mchana. Insulini inataka nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo kama stima hupotea sana kwenu, anza bila insulini kuliko kumuuzia mtu iliyoharibika. Na usiweke katoni sakafuni. Mto Nyando ulipofurika mwaka 2024, jirani yangu alipoteza bidhaa za rafu mbili za chini kwa usiku mmoja. Zangu zilikuwa juu, na siku zile zilizofuata, maji ya visima yakiwa yamechafuka, ORS na zinki ndizo zilizohitajika kuliko kitu chochote.

Sasa dada yangu, uliuliza pia ufungue mwezi gani. Leseni huisha tarehe 31 Desemba, kwa hiyo ukikata ya sasa mwishoni mwa mwaka utalipa tena karibuni. Tumia miezi hii kutafuta chumba chenye dari na kuzungumza na kina mama wa kliniki ya selimundu, wale wa presha, na wahudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, ujue wanameza nini. Fungua Januari, ili mvua za Machi zikukute umeshajaza rafu. Ukipata chumba upande wa Katito niambie, nitakutumia orodha yangu ya dawa za kila mwezi na majina ya maduka ya jumla ya Kisumu yanayokubali kuuza kopo moja moja.