Gesti kugeuzwa hifadhi ya dharura

SWALI: Asalaam aleikum. Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, mwenye gesti ya vyumba 12 ametukubalia tuwahifadhi watu wanaolala kwenye baraza za maduka mpaka masika yapite. Kila chumba ni mita 3 kwa 3.5. Uani kuna vyoo viwili na tanki la lita 1,000. Tukiweka vitanda vya dabodeka, watu sita kila chumba, hawataenea?
Mjumbe wa kamati

JIBU: Waaleikum salaam. Vitandani wataenea, karo la majitaka ndilo litakalowashinda. Mgeni wa gesti huoga, hulala, asubuhi keshaondoka. Hawa watashinda hapo, watafua na kuosha vyombo, na masika ardhi ya pwani ikishalowa shimo halinyonyi tena. Karo likijaa, uchafu unarudi chooni, na kipindupindu hakiko mbali. Linyonywe kabla mtu wa kwanza hajaingia.

Kuhusu idadi, viwango vya Sphere vinavyofuatwa kwenye hifadhi za dharura vinataka mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Chumba chenu kina 10.5, yaani watu watatu. Kimoja kiacheni kwa mgonjwa, hasa anayekohoa. Vilivyobaki 11 vinabeba watu 33. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, jumla 495, hivyo tanki linawafikisha siku mbili bomba likikatika. Mngekuwa 72, sita kila chumba, mngehitaji lita 1,080, nalo lingekauka kabla ya siku kwisha. Choo kimoja ni kwa watu 20, kwa hiyo viwili vinatosha. Cha wanawake kiwe na komeo la ndani na taa. Familia ipewe chumba chake, hata wakiwa wawili.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata mvua inyeshe vipi: sumu yake haina harufu, na madirisha yakifungwa waliolala hawaamki. Ezekeni bati uani, wapikie hapo. Majiko ya koili nayo hapana. Nyaya za gesti nyingi ni za taa na feni (na umeme wa LUKU utakwisha kabla ugali haujaiva). Kwa kuwa madirisha yana nondo, mlango wa uani usipigwe kufuli usiku. Wekeni komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo.

Magodoro yavalisheni reksini. Kunguni wakishaingia kwenye sponji hawatoki.

Mjulisheni mapema mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Na mwenye gesti andikianeni, mpige na picha za kila chumba: funguo zinarudi tarehe gani, LUKU ananunua nani, na gari la majitaka likija mara ya pili, maana litakuja, analipa nani.