Oili inametameta baada ya ovahoo: yaliyonikuta na Noah yangu Tanga

Mkuu, umesema umefanya ovahoo ya Noah (injini imefunguliwa yote ikatengenezwa upya), umetembea kilomita 300, ukachomoa kijiti cha oili ukaona vinametameta juani, na fundi kakwambia "kawaida hiyo, injini inajizoesha." Nusu ya jibu lake ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonilia injini nzima, kwa hiyo nivumilie niandike kirefu.

Yangu pia ni Noah, injini ya 3S. Ovahoo ya kwanza niliifanyia gereji ya wazi pembeni ya barabara, kipindi cha kusi, upepo unavuma mchana kutwa. Bloku imetoka kuchongwa, imelazwa juu ya turubai, vumbi linatua juu yake, na kijana anaiosha kwa petroli kisha anaipuliza kwa kompresa. Mimi nimekalia tairi, kahawa mkononi na kashata, naona kazi inakwenda. Kumbe injini inaharibiwa mbele ya macho yangu.

Silinda ikichongwa kwa jiwe, unga wa jiwe na wa chuma hujibana kwenye ile mistari myembamba ya kukatana ukutani. Petroli na mafuta ya taa huondoa grisi tu, unga wanauacha humohumo. Silinda itang'aa na bado ni chafu. Ukiwasha, ringi zinaukwangua, oili inaubeba mpaka kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, na kutoka hapo unaanza kuzunguka. Utaniambia filta ipo. Ipo, lakini filta ya karatasi haikamati kila chembe. Tena oili ikiwa nzito asubuhi, au filta ikishaanza kuziba, kuna vali inayofunguka ili beringi, zile bamba laini zinazoshika vyuma vinavyozunguka, zisikose oili kabisa, na hapo oili inapita bila kuchujwa.

Yangu ilipata na la pili. Natoka Muheza, nimesimama injini inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta, taa ya oili ikaanza kupepesa. Tuliposhusha sampu tukakuta chujio la pampu limevaa vipande vya silikoni ya kijivu, kama tambi zilizoganda. Fundi alikuwa ameimiminia sampu silikoni hiyo ya kuzibia kama anapaka siagi kwenye mkate. Iliyobonyea ndani ikakatika ikaenda kuziba. Beringi za kondirodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) zilikuwa na michirizi ambayo ukucha unanasa, na shaba ya chini imeshachungulia.

Mara ya pili nikaenda kwa fundi mmoja mzee, Ngamiani. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Akasema: "Mwanangu, kaniletee sabuni ya unga, brashi ya kuoshea chupa za mtoto, na shuka jeupe kuukuu. Oili utanunua mwisho." Nilidhani ananitania.

Bloku akaiosha kwa maji ya moto na sabuni kama anayemwogesha mtoto mchanga. Alifungua vizibo vya njia za oili, akapitisha brashi kwenye kila tundu, na matundu ya krenki vilevile. Akasuuza, akapuliza, na papo hapo akapaka oili mpya kote. Hapo hakungoja hata kujibu simu, kwa sababu hewa yetu ya pwani haina huruma: chuma kilichochongwa punde kikiachwa kimelowa, dakika chache tu kinaota kutu ya rangi ya chungwa. Kisha akachovya kipande cha shuka kwenye oili, akasugua ndani ya silinda. Kikatoka kijivu. Akarudia kuosha. Kikatoka kijivu kwa mbali. Mara ya tatu kikatoka vile kilivyoingia, ndipo akakubali kufunga. Zile tambara za nyuzi nyuzi alizitupa nje. Nyuzi zake hubaki ndani zikaenda kukaa kwenye chujio. Jioni akiondoka, injini anaifunika kwa nailoni safi.

Kabla ya kuwasha alijaza oili kwenye filta, akachomoa plagi na kuzima mfumo wa moto na wa petroli, akazungusha kwa stata, kidogo kidogo, mpaka taa ya oili ikazima. Oili ya kwanza ilikaa dakika 20 tu injini ikiwaka, akaimwaga na filta yake. Kwa lugha yetu ya Tanga, waja leo waondoka leo. Ya pili niliimwaga kilomita 500, ya tatu 1,500, na kila mara filta mpya. Oili zote hizo zilikuwa za kawaida za madini. Ya bei mbaya kuitia mwanzoni ni kumwaga pesa mtaroni.

Sasa yako. Mwaga oili leo, uikate filta. Usitumie msumeno wa chuma, utatia vumbi lake mwenyewe halafu uanze kupiga kelele bure. Tumia kisu cha kufungulia makopo. Tandaza karatasi yake juani, ikamue, pitisha sumaku. Unga laini unaovutwa mara nyingi ni ringi na silinda zinazoeana, na kwa kilomita 300 hautishi. Ila ukiona vipande unavyovihisi kwa vidole, au rangi ya shaba isiyovutwa, usiwashe tena. Shusha sampu uangalie beringi na chujio.

Pia kagua mpira wa hewa kutoka filta ya hewa hadi injini. Ukiwa na ufa, vumbi la barabara za mashamba ya mkonge linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kuishia kwenye oili. Na faneli ya gereji usiikubali. Kata chupa mpya ya maji, itumie, itupe. Utando kama maziwa chini ya mfuniko wa oili, kwa anayekwenda Raskazone na kurudi tu, mara nyingi ni unyevu. Itembeze mbali ipate moto. Kama maziwa yako kwenye kijiti chenyewe na rejeta inapungua maji, hiyo mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, maji yanaingia kwenye oili.

Ukishaikata filta weka picha hapa, ipige juani, flashi inafanya kila kitu kionekane chuma.