Usiwafute wale kina mama

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako nimeupata, na picha nimeifungua kwenye kompyuta nikaitazama kwa utulivu. Unasema mteja mwenye hoteli huko Paje, Zanzibar, ameipenda, ila anataka uwafute wale kina mama wawili wanaolima mwani pamoja na mambo yao, yaani vijiti vya kufungia kamba za mwani, bahari ibaki tupu. Pesa unaihitaji, na unaniuliza ufute au uache.

Usifute.

Itazame tena. Kijana wa kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara kubwa juu ya ubao majini, yuko hewani, ubao umeinama, matone yameganda angani moja moja. Kasi ya shata ya kamera umeipatia hasa. Chini yake mama wa kushoto ameinama, mtandio umekazwa kiunoni, mkononi ana kamba yenye mafungu ya mwani yanayochuruzika maji. Wa kulia ameinua uso anamtazama yule mrukaji. Uso huo ndio ulioibeba picha. Ukiuondoa unabaki na kijana angani tu, na vijana wa namna hiyo wamejaa tele, wa Tarifa, wa Cabarete, wa kila mahali penye upepo.

Halafu jiulize kaiti zilifuata nini Paje. Mwamba ulioko mbali na ufuko unavunja mawimbi, huku ndani maji yanatulia juu ya mchanga, na upepo upo: kusi kuanzia Juni hadi Septemba, kaskazi Desemba hadi Machi. Utulivu huo huo ndio uliofanya mwani ukubali. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, mchezo wa kaiti ukiwa bado haujafika, na wakulima wengi tangu hapo ni wanawake. Kotonii, aina ya mwani wenye bei nzuri zaidi, unakufa maji yakipata joto, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosumu, aina nyingine ya bei ya chini. Watu wanaoishi hivyo, kisha tuwatoe baharini kwa kipanya cha kompyuta! Hapana, mwanangu, mimi siwezi kulikubali.

Utasema kuchagua pembe nako ni kuficha. Kweli, kila fremu inaacha kitu nje. Lakini ukigeuza lenzi, ulichopiga kilikuwepo hivyo mbele yako. Ukifuta, unamwonyesha mtu bahari ambayo haikuwepo saa ile. Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili picha ya ulalo ienee kwenye jalada la wima. Jambo dogo, mtu angesema, na hadi leo linatajwa kila maadili ya picha yanapozungumzwa. Wewe unajitambulisha kama mpiga picha wa asili na safari. Anayekutazama anaamini ulikuwa pale.

Mteja anataka bahari tupu? Ipo, tena ya kweli. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kutoka sana, maji hutoka asubuhi, ndipo kina mama wanaposhuka kufunga mbegu na kuvuna. Jioni, saa kumi hivi, maji yamejaa, mambo yote yamezama, wao wamesharudi nyumbani, na jua liko nyuma yako kwa kuwa pwani hiyo inaelekea mashariki. Rangi ya maji saa hiyo ni nzuri kuliko hii uliyonayo. Mwambie akupe siku mbili upige upya. Ukiingia majini kaa upande wa joshi, upepo unakotoka, usisimame unakoelekea, maana nyuzi za kaiti zikikazwa hukata kama wembe.

Picha ya kina mama ibaki kwako, uiweke kwenye ukurasa wako na maelezo yanayosema wanafanya kazi gani. Ila hukuniambia kama uliwaomba ruhusa. Kama hukuomba, nenda kwao kabla hujaitoa popote. Salimia kwanza, kaa, waonyeshe kwenye skrini, na wa kulia mwulize hasa kama yuko radhi uso wake uonekane. Akikataa, ndiyo basi, haitoki. Wakikubali, wachapishie nakala mbili kubwa uwapelekee kwa mkono wako.

Mteja aking'ang'ania kufuta, mwache atafute mpiga picha mwingine. Kodi ya mwezi huu tutaizungumza mimi nawe.

Niandikie walivyokujibu.

Mama yako