Ile Sholay niliyowasimulia

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku Tanga tu wazima. Goti la mama yako linasumbua asubuhi tu, likishapata jua linanyamaza. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara zote tatu umecheka kabla hujamaliza swali. Unasema mmeitazama Sholay, ile picha ya Kihindi, huko Mwanza, wewe na mumeo, yenye maandishi ya chini, na mwenzio akashangaa kukuona umevimba peke yako kwenye kochi. Kumbe ile sarafu ya steringi Jai si urithi wa marehemu mama yake. Kumbe jambazi Gabbar Singh hauawi, polisi wanamchukua mzima mzima. "Baba, ile uliyotusimulia kibandani uliitoa wapi?"

Nakujibu kwa kalamu kwa sababu kwa simu ungenikatiza. Mdogo wako ataipiga picha akutumie.

Niliitoa kichwani. Haya, nimekiri. Kihindi changu nilikiokota dukani nilipokuwa mpakia mizigo, nacho kilitosha kuhesabu pesa na kuelewa ninapotukanwa. Picha ya zaidi ya saa tatu yenye watu wanaobishana kwa Kihindi cha kijijini, ningeielewea wapi? Lakini kibanda cha video kilikuwa changu, deki ilikuwa yangu, msemaji wa picha kwa Kiswahili nilikuwa mimi, na watu walikuwa wameshalipa shilingi 50 kila mmoja, nyie watoto mkiingia kwa 20 na kukaa jamvini mbele. Televisheni huku Bara ilikuwa bado changa, ITV ilikuwa imeanza 1994 na mtaani kwetu wenye seti walihesabika. Dar walikuwa na Lufufu, msimuliaji wa picha, ambaye sauti yake ilirekodiwa kwenye mkanda wenyewe, mtu ananunua anakwenda nayo kwao. Mtaani kwetu Ngamiani walikuwa na mimi, na kipaza sauti cha kuazima kwa watu wa taarab, ambacho kila nikitamka "p" kilipiga kama bunduki.

Sasa la Gabbar. Hukumbuki vizuri, ulikuwa na miaka minane. Jai alipokufa kibanda kilichafuka. Steringi hafi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibanda umiza chochote, na hapa amekufa Amitabh Bachchan mwenyewe! Kuna baba mmoja, muuza samaki, alisimama kwenye benchi akadai kiingilio chake. Nami mkanda nilikuwa nimeshautazama peke yangu mchana, nikajua kinachokuja: Thakur, mtu aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar, anampiga kwa miguu, anamkanyaga kwa viatu vyenye misumari, halafu wakati watu wanangoja ammalize, polisi hawa hapa. Nikawaza, steringi kafa, jambazi kapona, leo wataniezua bati. Basi polisi walipotokea tu nikabonyeza, kioo kikawa cheusi, nikasema mkanda umeishia hapo ila mimi naijua iliyobaki. Nikammaliza Gabbar kwa mdomo, gizani. Walipiga makofi mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha sikiliza maajabu. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba Ramesh Sippy, aliyeiongoza picha ile, alikuwa amepiga mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar. Mwaka ule, 1975, India ilikuwa chini ya hali ya hatari ya Indira Gandhi, na bodi ya ukaguzi wa filamu ikakataa: mtu aliyekuwa ofisa wa polisi hawezi kuonyeshwa akijichukulia sheria mkononi. Ikabidi wapige mwisho mwingine, ndio huo mliouona nyie. Kwa hiyo mwisho wangu ulikuwa ndio wa mwenyewe, na mimi nilibahatisha tu nikiogopa kuezuliwa bati. Mwonyeshe mumeo aya hii.

La sarafu sina pa kujificha. Nilisema ni ya marehemu mama yake kwa sababu niliona Veeru, mwenzake Jai, anailia. Wenye maandishi ya chini mnajua tangu mwanzo mpaka mwisho kilichotokea: sarafu ina kichwa pande zote mbili, na Jai, kila alipoirusha kuamua, alikuwa ameshaamua. Mwenzake alidhani ni bahati. Hata ule urushaji wa mwisho, nani abaki darajani na nani aende, ulikuwa umeshapangwa. Mimi nikawapa machozi ya mama marehemu, ambayo yanapatikana kwenye kila picha la Kihindi, na lile lililokuwa la picha hii peke yake nikalipita. Hilo linaniuma kuliko Gabbar.

Umeuliza pia kama nimezitazama zile ulizoniachia kwenye flashi wakati wa Idi. Nimezitazama zote, nyingine mara mbili, LUKU inaniona.

Nairobi Half Life ya David Gitonga nilidhani ni ya majambazi, nikaiweka saa tano usiku mama yako alipokwenda kulala. Dakika ya kwanza nikakaa wima. Yule kijana Mwas yuko kijijini kwao anauza DVD, na ili wanunue anaigiza vipande vya picha barabarani, mwenyewe ndiye shujaa, mwenyewe ndiye jeshi zima. Mwanangu, yule ni mimi! Tofauti yetu ni kwamba yeye akaenda Nairobi kutafuta kuwa mwigizaji, akaporwa siku ileile aliyoshuka, akalala mahabusu akasugua vyoo. Pale vyooni ndipo mahali pazuri kuliko pote. Nilitegemea alie, naye akaligeuza fagio kuwa mchezo. Risasi za mwisho mwisho naona zimezidi, na yule polisi mla rushwa tumeshamwona kwenye picha nyingi. Ila Joseph Wairimu anacheza kama mtu ambaye hajui kuna kamera. Sheng yao nusu inanipita, nami kwa mara ya kwanza nikajua mlivyokuwa mnajisikia nyie jamvini: unamtazama mtu usoni ukikisia.

Vuta N'kuvute tumeitazama wote wawili, kwa kuwa mama yako kitabu cha Adam Shafi amekisoma zaidi yangu. Tumekosana. Yeye anasema Amil Shivji amekikausha kitabu, watu wa Unguja hawawezi kukaa kimya namna ile, Yasmin wa kitabuni anaongea. Mimi nasema vile vichochoro vya Mji Mkongwe usiku, ile rangi ya taa ukutani, vinatosha kusema. Tulipokubaliana ni kwa Mwajuma tu. Anayemcheza ni Siti Amina, mwimbaji wa taarab kwelikweli, na kila akiingia picha nzima inahamia kwake. Denge, yule mwanaharakati, mapinduzi yake tumemwachia mwenyewe.

Ile ya wapelelezi wa Kikorea nimeifuta. Watu wazuri, nguo safi, sizoni nzima hakuna anayekula akashiba kabla simu haijalia.

Supa Modo nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyonirudisha kwenye swali lako kabla hujaliuliza. Likarion Wainaina ameitengeneza mwaka 2018, na haina urefu wa kuchosha. Jo ni mtoto wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na ndoto yake ni kuwa shujaa wa kwenye filamu, wale wanaopaa. Dada yake anawapanga wanakijiji wote wamfanye aamini kwamba anazo hizo nguvu. Na kuna Mike. Mike ana kibanda cha video, anasimama pembeni ya kioo anaisemea picha watoto wakicheka. Mama yako aliponiona nimenyamaza akadhani nimeguswa na ugonjwa wa mtoto. Niliguswa, lakini nilikuwa namtazama Mike, jinsi anavyogeuka kuwaangalia watoto kuliko anavyokiangalia kioo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nafanya. Sholay nimeiendesha kibandani labda mara arobaini, na kumbe sijawahi kuitazama. Nilikuwa nawatazama nyie.

Basi wiki iliyopita nikamwambia mdogo wako aniwekee, yenye maandishi ya chini kama yako. Na hapa ndipo nina deni lenu kubwa, ambalo wewe hujalikumbuka. Kuna mahali, usiku, Jai amekaa barazani anapiga kinanda cha mdomo. Ng'ambo, kwenye jumba la Thakur, Radha, yule mkwe mjane mwenye sari nyeupe, anapita anazima taa moja baada ya nyingine. Wanatazamana kwa mbali. Hakuna neno hata moja linalosemwa, kwa hiyo hapakuwa na chochote cha kutafsiri. Unajua nilifanya nini kibandani? Niliogopa ukimya. Nikasema, "Anahesabu taa huyu, mafuta ya taa yamepanda bei." Kibanda kizima kikaangua kicheko, na kwa kuwa kimecheka, nikalirudia kila nilipoiweka picha ile. Miaka yote hiyo mapenzi ya wale watu wawili hayakuwahi kufika Ngamiani. Jai alipokufa na Radha akafunga dirisha, nyie hamkuelewa kwa nini anafunga, mkadhani ni mbu.

Safari hii nimeketi kwenye kiti changu, mama yako mkekani anasuka ukili. Kinanda kikaanza. Taa ya kwanza ikazimwa, ya pili, ya tatu. Nikajizuia mdomo kwa kiganja, kweli, kama mtu anayezuia kikohozi msikitini. Radha akafika taa ya mwisho, akasimama, akaizima.

Mama yako, bila kuinua uso kwenye ukili, akasema, "Leo mafuta ya taa hayajapanda?"

Wasalimie wote huko. Ukija tena niletee nyingine, ila zile za watu wasiokula zibaki hukohuko.

Baba yako