Jikoni kwa Shangazi: Gunia la soya, mtoto na mume

SWALI: Shangazi, shikamoo. Msimu huu tulilima soya, na gunia moja tumelibakiza nyumbani. Nilisaga soya, mahindi, ulezi, mtama, mchele na karanga pamoja nikampikia uji mwanangu wa miezi minane. Tumbo likamjaa gesi, akaharisha. Baba yake naye haigusi, kijiweni wamemwambia soya inamaliza nguvu za kiume. Mama mkwe anasema tuuze yote. Hivi kweli ina faida?
Mama Eliza, Songea

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiuze yote.

Tuanze na mtoto. Hujasema kama uliichemsha soya kabla ya kuipeleka mashineni, nami nahisi hukuichemsha. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na ule moto wa dakika chache wa kupikia uji hautoshi kuviondoa. Kama bado anaharisha, mpeleke zahanati leo, na usimwachishe kunyonya.

Safari nyingine chambua soya, kisha injika maji matupu. Yakitokota ndipo umimine punje, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji. Wengi huziloweka kwanza kwenye maji baridi, na hapo ndipo inapotoka ile harufu ya majani mabichi inayowakimbiza watu. Maji ya moto huizuia mapema. Ziache zitokote nusu saa, mwaga maji, pikicha kwa viganja maganda yaelee, uyaondoe. Anika mpaka punje ikitafunwa ivunjike kwa mlio. Kaanga kidogo ukipenda, ndipo usage. Saga kidogo kidogo, maana soya ina mafuta mengi na unga wake huchacha upesi.

Hayo mambo ya nafaka sita kwenye mfuko mmoja mimi siyapendi. Mtoto akidhurika hujui kilichomdhuru ni kipi. Vikombe vitatu vya mahindi kwa kimoja cha soya vinatosha. Mahindi yana upungufu wa laisini, sehemu ya protini ambayo soya inayo tele, kwa hiyo viwili hivyo vinafaana. Soya kavu ina protini kama gramu 36 katika kila gramu 100, wakati maharage ya kawaida yana kama 22. Uji ukiiva mpondee papai pembeni. Vitamini C yake husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye soya.

Sasa Baba Eliza. Kilichozua maneno ya kijiweni ni kwamba soya ina kemikali za mimea zinazofanana kidogo na homoni ya kike. Kufanana tu. Watafiti wamewapima wanaume wanaokula soya, na homoni yao ya kiume haikushuka. Japani wanaume wanakula tofu na supu ya miso, vyakula vinavyotengenezwa kwa soya, tangu enzi za mababu, na watoto wanazaa. Mwambie pia kwamba soya haina lehemu, yaani kolesteroli, na ikichukua nafasi ya nyama yenye mafuta hushusha kidogo lehemu mbaya kwenye damu. Kidogo, nasema, anayekuuzia unga wa soya kama dawa ya presha anakula hela yako. Mpikie nyama ya soya, vile vipande vikavu vya soya vya dukani: iloweke maji ya moto, ikamue kwa nguvu, kisha iunge kwa kitunguu, nyanya na karoti. Usimwambie ni nini mpaka amalize sahani.

Mama mkwe kama anameza vidonge vya homoni kwa ajili ya tezi la shingo, aviachanishe na soya kwa saa kadhaa, kwani inapunguza nguvu ya dawa. Na kama kuna soya ya mbegu iliyobaki, ile iliyopakwa dawa, hiyo isiingie jikoni hata ukiiosha mara ngapi.