Nati za manifoldi zilizoganda

Kaka, nati zikigoma kufunguka, usiongeze bomba kwenye spana ili upate nguvu zaidi. Nati za manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) zilizoshikwa na kutu ukizilazimisha, bolti inakatikia ndani ya silinda hedi (kichwa cha injini), na hapo itabidi utoboe. Injini ikiwa baridi, zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi. Tumia boksi (soketi ya spana) la pembe 6. La pembe 12 linakula kona za nati. Zikigoma bado, futa mafuta yote kwanza maana yanawaka, kisha pasha nati yenyewe kwa gesi, siyo bolti: nati ndiyo unayotaka itanuke. Kaza kidogo, legeza, kaza tena, legeza. Ukihisi inavutika kama mpira, acha hapo hapo, bolti inakaribia kukatika. Wakati wa kufunga weka nati mpya.