Daktari ashusha kinga, shangazi apandisha

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 31, fundi cherehani hapa Tanga. Mwaka jana jicho la kushoto liliingia ukungu hadi nikawa sioni tundu la sindano, kisha miguu ikafa ganzi. Baada ya kipimo cha MRI nikaambiwa nina MS (multiple sclerosis), kinga yangu inashambulia ubongo wangu mwenyewe. Nimeandikiwa rituksimabu ya kushusha kinga. Shangazi naye kaniletea unga wa mlonge, kopo zima la Blue Band, eti nipandishe kinga. Nimfuate nani?
Mama Z., Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hili neno "kupandisha kinga" limenichosha. Tunaisema kinga kama maji ya tangi, yakipungua ujaze. Yako haijapungua, imekosa wa kuituliza.

Seli T, askari wa kinga walio kwenye damu, hufundwa kama wari, kwenye tezi ya thaimasi nyuma ya mfupa wa kifua. Zinazoelekea kuushambulia mwili huuawa humohumo. Baadhi huponyoka, hata mimi ninazo, na shangazi anazo. Kinachotuokoa ni seli T tulizaji, ambazo huzinyang'anya nyingine ishara ya kuzaliana na kumwaga kemikali za kupoza.

Nilipokuwa chuoni, miaka ya 1980, mwalimu akizitaja alikuwa akicheka. Wengi walishaacha kuamini kwamba zipo. Mjapani Shimon Sakaguchi hakuacha, akazionyesha mwaka 1995. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaipata jeni ya FOXP3, ile inayoziunda tulizaji, ambayo ikiharibika kinga huugeukia mwili. Wote watatu walipewa Nobel ya Tiba 2025. Mwalimu wangu hakuishi kuyaona hayo.

Sasa wewe. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima damu ya wagonjwa wa MS wakakuta tulizaji idadi ileile kama ya watu wazima wa afya, ila hazitishi. Walinzi wapo getini, wezi wanapita wakiwasalimia. Seli zisizokemewa hupenya ubongoni na kubandua mayelini, ganda la nyuzi za fahamu. Fikiria waya wa pasi yako uliochunika: umeme unafika kwa kukatakata. Ndivyo jicho lako lilivyofanya.

Rituksimabu hufyeka hasa seli B, askari wengine wa kinga, ambazo huzionyesha seli T shabaha na kuzichochea. Si ya kubahatisha. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa MS mwaka 2023. Lakini kabla ya dripu ya kwanza uliza kama umepimwa homa ya ini B, maana dawa hii inaweza kuiamsha iliyolala. Uliza na chanjo zipi uchome mapema. Ukishaanza, ukipata homa usiivumilie nyumbani.

Shangazi mshukuru. Majani mabichi ya mlonge tia nazi, ni mboga. Hilo kopo la unga nenda nalo kliniki, daktari alione kabla hujalamba hata kijiko.